Benchi la Alhamisi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimejichoma na uma wa samadi. Mguu wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha pili. Ujinga wangu mwenyewe — gambuti zilikuwa pale mlangoni, mimi nikaingia zizini na ndala. Ng'ombe akanisukuma kidogo tu na kiuno chake, nikayumba, chuma kikazama. Uchungu! Nilimtukana yule ng'ombe matusi ambayo itabidi niyaungame.

Mama mkwe alisikia kelele, akapanda mbio kutoka kwake kule chini ya migomba. Majivu kiganjani tayari. Nikamwambia shikamoo na hapana kwa pumzi moja. Nimeosha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia mpaka nikaona nyota. Yeye kasimama pembeni amenuna. Wao miaka yote walipaka majivu na hawakufa, anasema.

Basili je? Basili seremala, mwaka jana, msumari mmoja tu wa ubao. Alipaka majivu. Siku chache baadaye akaanza kulalamika taya, akadhani ni jino. Halafu mgongo ukajikunja, mwanamume aliyekuwa anabeba mbao peke yake. Tulimzika kabla kahawa haijaiva. Pepopunda.

Nimelala na mguu juu ya mto.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda zahanati kwa kuchechemea. Nesi Elifuraha — yule Mlutheri wa Mwika, mwenye sauti kubwa na mikono laini — kanisafisha kidonda, kanidunga penisilini. Halafu akauliza: mara ya mwisho ulichanjwa lini?

Nikamwonyesha kovu la ndui begani. Akacheka. Hiyo ni ya utotoni, hebu niambie ya pepopunda, ile ya wakati wa ujauzito.

Yeye ni mgeni huku, hajui. Nikasema: sijawahi kuwa mjamzito.

Hakuniomba radhi wala hakunionea huruma, na kwa hilo nimempenda. Alisema tu kwamba hapo ndipo penye tatizo letu, tumewachanja wanaozaa tukasahau kuwa misumari haichagui. Wanaume hawajachanjwa. Wazee hawajachanjwa. Na hata waliochanjwa, kinga inachakaa, lazima ikumbushwe. Mimi nianze mwanzo: moja sasa, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya nusu mwaka, na kuendelea.

Nikasema haya, nidunge. Kumbe haiwezekani leo! Kichupa kimoja ni cha watu wengi, kikifunguliwa lazima kiishe siku hiyohiyo. Kinafunguliwa siku ya kliniki tu. Alhamisi.

Alhamisi! Siku ya wajawazito na watoto wachanga. Miaka kumi na tano nimeolewa hapa Kibosho, na Alhamisi huwa napita njia ya juu, ya mtoni, ili nisipite mbele ya lile benchi. Hakuna anayejua. Nadhani hakuna anayejua.

Jumatano, 5 Juni

Mguu umevimba kidogo. Nimefungua mdomo mbele ya kioo asubuhi nzima kuangalia kama taya linakaza. Mume wangu Wense angeniona angesema mdomo wangu haujawahi kuwa na shida ya kufunguka.

Kwenda? Kutokwenda? Nimeshona sketi mbili za shule, zote nimekosea pindo. Siku hizi mitumba imenimalizia wateja, nimebaki na sare tu, halafu nazo naziharibu.

Nitakwenda. Basili alikuwa na miaka arobaini na moja. Mimi nina thelathini na nane.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda.

Benchi limejaa matumbo. Walinisogezea nafasi bila kuuliza, na hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Stella wa Primus, jirani yangu, akanishika mkono — ana miezi sita, anatembea kama bata — akaninong'oneza: hongera, Fundi, hongera! Macho yamemjaa machozi kabisa. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya uma. Nesi akaita jina langu.

Sindano yenyewe si kitu. Nimeumwa zaidi na nyuki.

Nilipotoka Stella alikuwa ndani anapimwa. Nikaondoka. Nitamweleza kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Kumekucha na Mama mkwe mlangoni, bakuli la mtori wa ndizi na nyama mikononi, siagi inaelea juu. Kaninyang'anya ndoo ya maji. Kakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Nikasema Mama, mguu unapona, usijisumbue. Akasema kaa, kula.

Mtori wake ni mtamu, hilo sitabisha. Tangu niolewe sijawahi kuletewa. Huwa anaingia jikoni kwangu kukagua tu, anafunua sufuria, anafunika, anatoka.

Sikumwona Stella.

Jumapili, 9 Juni

Sasa nimeelewa.

Baada ya misa wanawake walinizunguka uwanjani. Mmoja ananipapasa bega, mwingine anahesabu kwa vidole bila aibu: Wense alikuja Pasaka, kwa hiyo Aprili, Mei, Juni… Wanacheka. Mama mkwe kanishika kiwiko, tunashuka na njia ya utelezi polepole, kama nimebeba trei ya mayai. Uso wake! Sikuwahi kujua kwamba ana mwanya mbele. Miaka kumi na tano na sijawahi kumwona akicheka kwa meno.

Ningesema palepale. Maneno nilikuwa nayo: Mama, ni sindano ya pepopunda, ni kwa ajili ya mguu. Maneno machache tu.

Sikusema.

Jumatano, 12 Juni

Ukungu siku nzima, mlima haujaonekana tangu juzi. Baridi ya Juni imeingia mpaka kwenye cherehani, mafuta yameganda.

Mama anakuja kila asubuhi. Tunakaa jikoni kwangu motoni. Na anaongea! Kwa Kichagga anaongea taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. Ananiita "mwanangu". Na mimi — niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma — ninafurahi. Nimeamka leo nikisikiliza kama hatua zake zinakuja. Ni vibaya. Najua ni vibaya. Nimemaliza bakuli lote.

Leo kanisimulia jambo ambalo hata Wense sidhani kama analijua. Kabla ya Wense kulikuwa na mtoto wa kwanza. Wa kike. Alizaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri. Siku ya saba akashindwa kunyonya, midomo ikakaza. Ya nane mwili ukawa mgumu kama kijiti, ukimgusa tu anajikunja. Siku hiyohiyo akafa. Kitovu kilikatwa kwa kisu cha jikoni na kupakwa majivu, kama watoto wote wa zamani.

Mama mkwe wake yeye alisema ni kosa la mzazi: kuna kitu umefanya, kuna mtu umemkosea. Basi Mama, binti wa miaka kumi na minane na maziwa bado yanamtoka, akachuma jani la isale akaenda kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Isale ilipokelewa. Lakini lile neno halikuondoka. Mpaka leo hajui alikosa nini, anasema.

Halafu akanitazama tumbo. Akasema: wewe usibebe kuni. Usigombane na mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda kwa Nesi, nikapita njia ya juu, nikangoja nyuma ya zahanati mpaka benchi likawa tupu. Kidonda kimefunga vizuri. Nikamuuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine: mtoto wa siku nane, midomo inakaza, mwili unakuwa mgumu.

Hata hakufikiri. Pepopunda, alisema, ya kitovu. Mama akichanjwa anampa mtoto kinga tumboni. Zamani hawakuwa nayo. Hakuna aliyekosa.

Hakuna aliyekosa! Nimerudi na neno hilo mdomoni, siwezi kulitema. Maana nikimwambia Mama kilichomuua mtoto wake, atauliza mimi nimejulia wapi habari za chanjo hiyo, na nilikaa pale benchini kwa nini. Siwezi kumpa moja nisimnyang'anye nyingine.

Jumatatu, 24 Juni

Primus katoka Moshi mjini na furushi alilopokea kituo cha basi. Kutoka kwa Wense. Ndani: blanketi la mtoto. La njano, laini, bado lina karatasi la duka. Na ujumbe kwa mdomo wa kondakta: anafunga duka lake la Kariakoo siku chache, anakuja Jumamosi tarehe sita.

Salamu zilipanda basi, kumbe, bila mimi kujua. Mama alizituma.

Wense ambaye husubiri Krismasi! Ambaye hajafunga lile duka hata alipougua malaria!

Nimelia sana. Blanketi nimelirudisha kwenye karatasi lake.

Jumanne, 25 Juni

Nimemwambia.

Alikuja na mtori kama kawaida. Sikuupokea. Nikasema Mama, kaa. Nikasema yote: uma, Basili, sindano, Alhamisi, Stella, na kwamba nilijua tangu ile Jumapili nikanyamaza kwa sababu ilikuwa tamu. Nilisema hivyohivyo, tamu.

Akasikiliza akiwa ameshika bakuli mapajani. Akauliza: kwa hiyo hakuna?

Hakuna, Mama.

Akainuka. Bakuli akaondoka nalo. Habari ya mtoto wa siku nane sikuwahi kuifikia.

Jumatano, 26 Juni

Hakuja.

Ijumaa, 28 Juni

Stella kaja, kakaa chini sakafuni na tumbo lake akalia kama mtoto. Ni mimi, ni mdomo wangu, anasema. Nikamwambia na wangu pia, wako ulifunguka na wangu ulifungwa. Tukacheka kidogo.

Lakini kaja na jingine. Pale kisimani wanasema mimba haikuwepo kwa sababu sindano yenyewe ni ya kufunga uzazi. Kwamba nimekwenda kwa siri, mume hayupo, nimejifunga. Kuna wajawazito wawili hawataki tena kuchanjwa. Na Mama mkwe alikuwepo wakisema, kajitwika ndoo yake, hakujibu neno.

Hasira imenipanda mpaka nikavunja sindano ya cherehani. Nijifunge mimi? Mimi! Niliyekunywa mizizi ya kila mganga kuanzia hapa mpaka Rombo, niliyesali novena mpaka magoti yakaota sugu?

Ya pili ni tarehe nne, Alhamisi ijayo. Nikienda, watasema anarudia kujifunga, na Wense anafika keshokutwa yake akute maneno hayo njiani. Nisipoenda, ya kwanza peke yake haitoshi, Nesi kasema wazi. Na nisipoenda, wale wawili pia hawataenda kamwe.

Stella anasema yeye ataenda hata kama watamtupia mawe. Na tumbo lile, nani atamtupia.

Jumapili, 30 Juni

Misa ya kwanza. Mama alikaa benchi la mbele, mimi nyuma. Hakugeuka.

Nimerudi nikakaa kihambani, chini ya migomba yetu, nabishana na nafsi yangu. Nimekosa nini hasa? Nimechomwa sindano, sijaiba! Halafu nikakumbuka sauti yake: mwanangu. Nikaenda mpakani nikachuma isale. Jani hilo ukimletea mtu uliyemkosea hawezi kukufukuza, hata kama anataka sana. Nilikuwa nalihitaji.

Nilimkuta anamenya ndizi. Shikamoo Mama. Marahaba, akajibu, bila kuinua macho. Nikapiga magoti, nikaweka isale mbele yake. Nikasema nakuomba msamaha kwa kunyamaza. Kwa sindano sikuombi.

Kisu kikasimama. Nikaona kama anataka kutabasamu au kunizaba kofi, sikujua kipi. Aliokota isale. Akaishika muda.

Nikasema: na kuna jambo la mtoto wako wa kwanza.

Nikamweleza kama Nesi alivyonieleza. Kwamba ni ugonjwa uleule wa Basili. Kwamba unaingia kwa kisu na majivu, kwenye kitovu. Kwamba siku hizi watoto hao wanapona kabla hawajaugua, kwa sindano ile ile. Kwamba hakukuwa na laana wala mtu aliyekosewa.

Moto ukataka kuzimika. Nikauchochea mimi. Halafu akasema, sauti ya binti kabisa, si yake: haikuwa mimi?

Haikuwa wewe, Mama.

Akasema: na isale niliyopeleka?

Nilimshika mikono, ina utomvu wa ndizi, ikaganda na yangu. Alilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, kama kawaida yangu.

Nilipoondoka hakusema lolote kuhusu Alhamisi. Wala kuhusu sisi.

Jumatano, 3 Julai

Kesho. Hakuna mtori, hakuna hatua. Mama kapita asubuhi na majani ya ng'ombe, akaitika salamu, akaendelea. Nimepiga pasi gauni langu la bluu. Kama watanitazama, basi wanitazame nikiwa nadhifu.

Naogopa.

Alhamisi, 4 Julai

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine unauma. Lazima niandike leo.

Nimepita njia ya chini. Benchi halikujaa. Wale wawili wamesimama getini hawaingii hawatoki. Waliokaa wakanyamaza nilipofika. Stella akapiga ubao kwa kiganja: Fundi, hapa. Nikakaa. Mwanamke mmoja akasogea mbali nami kidogo, si sana, lakini niliona.

Mara wote wakageuka. Mama mkwe anaingia getini. Kavaa kitenge cha Krismasi, kilemba, na viatu! Mwenye miaka sabini na kitu, anapita katikati ya wale wawili kama hawapo. Watu wakaanza: shikamoo Bibi, shikamoo Bibi. Marahaba, marahaba. Akafika benchini, akamtazama yule aliyesogea. Yule akasogea zaidi, na Mama akakaa hapo katikati, kati yangu na yeye.

Watoto tu wanalia.

Stella hawezi kuvumilia kimya, namjua. Akainamisha kichwa akauliza kwa adabu zote: Bibi, na wewe ni ya Pasaka?

Benchi zima lililipuka! Hata mimi. Mama naye — ule mwanya. Akasema, kwa Kiswahili, ili Nesi asikie: "Mimi ya kuzaa nilishamaliza. Nimekuja ya kutokufa."

Nesi Elifuraha akatoka na kichupa akasimama mlangoni. Akamuuliza anataka nini Bibi. Mama akajibu kwamba anasafisha zizi kila siku, ana kisu, ana jembe, ana miguu pekupeku, na hajachanjwa tangu Mjerumani. (Mjerumani aliondoka kabla hajazaliwa, lakini nani angembishia.) Halafu akageukia getini, kwa wale wawili, akabadili lugha. Kwa Kichagga, taratibu kama kawaida yake, akawaambia habari ya mtoto wake wa siku nane. Mbele ya wote. Miaka hamsini na zaidi hakuwahi kuisema, akaisema pale na wanawake wanapakata watoto wao. Akamalizia: wanasema huyu mke wa mwanangu amejifunga. Nifungeni na mimi, basi.

Akakunja mkono wa blauzi.

Mmoja wa wale wawili aliingia. Mwingine aliondoka. Sijui kama atarudi.

Njiani Mama alilalamika mkono mpaka nyumbani. Alipofika kwake akaniambia tarehe kumi na moja Wense bado atakuwa hapa, basi Alhamisi hiyo atakaa benchini, katikati ya matumbo, na yeye Mama atakuwepo kumtazama. Nikamuuliza: atajua lini kwamba hakuna mtoto? Akasema, hilo niachie mimi. Mimi ndiye niliyetuma salamu.

Jumamosi, 6 Julai

Basi limechelewa. Nimefagia mara mbili. Blanketi la njano liko kitandani ndani ya karatasi lake, sijui nilifiche au niliache. Nimeliacha.

Mama yuko pale nje kwenye njia tangu mchana, kakaa juu ya jiwe na kilemba chake. Nimempelekea chai, kanirudisha ndani kwa mkono.

Nasikia buti za Wense zikipanda. Anapumua kama mtu aliyebeba mizigo miwili. Shikamoo Mama! Sauti yake ina kicheko ndani, sijaisikia hivyo tangu tuoane. Yuko wapi mke wangu? Hajambo? Nimemletea —

Marahaba, weka mizigo chini, anasema Mama. Mizigo imetua, nimeisikia. Nimesimama nyuma ya mlango na kalamu yangu.

Halafu Mama, taratibu: "Wense. Wewe ulichanjwa lini?"